Kivinjari Kilipoanza Kunisaidia kwa Nguvu

Kazi yangu ni kuhariri maandishi. Kutwa nzima nanakili sentensi kutoka ukurasa mmoja, naibandika kwenye mwingine, narudi kulinganisha. Kivinjari kwangu si cha kuperuzia tu, ndicho kiwanda chenyewe. Kwa hiyo kilipojisasisha usiku, asubuhi kikafunguka na vitu nisivyoviagiza, niliudhika kama fundi aliyekuta zana zake zimepangwa upya na mtu asiyejua kazi.

Kulikuwa na mengi. Utepe wa pembeni wenye kidirisha cha kuzungumza na akili mnemba. Ukurasa wa mwanzo, uliokuwa mweupe, sasa umejaa vichwa vya habari na picha za watu nisiowajua. Picha ndogo ya ukurasa inaibuka kila kipanya kikipita juu ya kichupo (tab). Haya yote ningeyavumilia.

Kilichonishinda ni kimoja. Nikichagua maneno, kabla sijainua kidole kwenye kipanya, kinachomoza kijisanduku chenye alama ya nyota na maneno matatu: Fafanua, Fupisha, Andika upya. Kinakaa juu kidogo ya maneno niliyoyachagua, yaani kinaufunika mstari uliotangulia, na mstari uliotangulia ndio mhariri anaoutazama ili ajue sentensi imetokea wapi. Nikisogeza kipanya, hakiondoki. Nikibofya pembeni kinaondoka, lakini na maneno niliyoyachagua yanaachiliwa, naanza upya. Mtu anayesoma habari dakika kumi kwa siku pengine hatakiona kabisa. Mimi nachagua maneno tangu asubuhi hadi jioni.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile analofanya kila mtu: kumuuliza mwenzangu tunayefanya naye kazi. Akafungua kivinjari kilekile, toleo lilelile hadi tarakimu ya mwisho, na kijisanduku hakipo. Akaniangalia kama nimekiota.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingeniokolea muda mwingi. Kampuni za vivinjari haziwapi watumiaji wote kitu kipya kwa wakati mmoja. Programu inapakuliwa ikiwa na kila kitu ndani, halafu seva ya kampuni inawasha kipengele kwa kundi dogo kwanza, wanapima, wanaongeza kundi. Watu wawili wenye toleo moja wanaweza kuwa na vivinjari viwili tofauti. Ndiyo maana maelekezo unayoyakuta mtandaoni, “fungua mipangilio, bofya hapa, zima pale”, mara nyingi hayafanani na unachokiona wewe. Aliyeyaandika hakukudanganya, yuko kundi jingine. Na ndiyo maana pia kitu kinaweza kujitokeza siku ambayo hukusasisha chochote.

Kasi nayo imeongezeka. Zamani Chrome ilikuwa ikitoa toleo kubwa kila wiki sita. Septemba 2021 ikahamia kila wiki nne. Firefox ilishafika kwenye wiki nne mwaka 2020. Kwa maana hiyo karibu kila mwezi kuna mlango wa kuingizia kitu, na timu zilizoajiriwa kubuni vitu lazima zibuni.

Nikaanza kuvizima, na hapa niseme wazi kwamba siku zile kazi haikwenda. Mtu mwenye hasira hupekua ovyo, na ukurasa wa mipangilio wa kivinjari cha leo ni msitu. Njia iliyonisaidia ni kuacha kupekua menyu na kutumia kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya ukurasa wenyewe wa mipangilio. Andika neno moja tu: “pendekeza”, “ukurasa mpya”, “pembeni”, “AI”. Jaribu majina mengine ya kitu hichohicho, kwa sababu wenye kipengele hawakiiti kwa jina utakalolifikiria wewe. Kijisanduku changu kilikuwa kimefichwa chini ya kifungu cha usaidizi wa uandishi, mahali ambapo nisingekwenda mwenyewe hata kwa kulazimishwa.

Yasiyopatikana kwenye mipangilio ya kawaida, mengine yapo kwenye kurasa za ndani. Firefox ina about:config, Chrome na jamaa zake wana ukurasa wa majaribio unaofunguka kwa kuandika chrome://flags. Ni kurasa zenye nguvu, lakini hazikuahidi chochote. Swichi za majaribio huwekewa muda wa kwisha, na toleo linalofuata linaweza kuziondoa bila kukuarifu. Kipengele ulichokizima kinafufuka, na swichi yake haipo tena. Kwa hiyo kila unachokigeuza humo, kiandike kwenye faili: tarehe, jina la mpangilio kama lilivyo, ulikuwaje kabla, umeuweka vipi. Miezi ikipita na tovuti fulani ikakataa kufunguka, utajua pa kuanzia. Faili hilo langu ni refu kuliko ninavyopenda kukiri, na limenisaidia mara nyingi kuliko kiendelezi chochote, yaani zile programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari.

Nimetaja viendelezi makusudi. Kila kivinjari kinapobadilika sura, ndani ya siku chache vinatokea viendelezi vinavyoahidi kukurudishia sura ya zamani. Nilikaribia kuweka kimoja. Kabla ya kubofya nikasoma ruhusa kinazoomba: kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti zote. Yaani barua pepe, benki, kila kitu, ili tu kuficha kitufe. Wengine watasema ruhusa hiyo ni ya kawaida, na kweli ni ya kawaida, lakini kawaida hiyo ndiyo hatari. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kinachopendwa sana cha kupumzisha vichupo visivyotumika. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakiondoa na kukizima kwenye vivinjari vya watu kwa sababu kilikuwa na programu hasidi ndani. Waliokiweka walimwamini mtu wa kwanza. Aliyekuja baadaye hawakumchagua.

Kuna njia nyingine ambayo hasira hukuelekeza: kukataa masasisho kabisa. Mwenzangu mwingine alifanya hivyo, na zaidi ya hapo akajaribu kurudi kwenye toleo la nyuma. Kivinjari kikakataa kufungua wasifu wake, yaani folda inayohifadhi vitu vyake vyote vya kivinjari, kikamwambia umeshatumiwa na toleo jipya, achague kuunda wasifu mtupu au aondoke. Alamisho, nywila, vichupo vyote vipo kwenye diski lakini havifikiki. Alivipata baadaye kwa kurudisha toleo jipya, lakini mchana ule uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Kabla ya kugusa matoleo, nakili folda nzima ya wasifu uiweke pembeni, kivinjari kikiwa kimefungwa. Ni kazi ndogo.

Tena usikae na toleo la zamani. Septemba 2023 iligundulika kasoro katika maktaba inayofungua picha za aina ya WebP, na kwa kuwa maktaba hiyo inatumiwa na karibu kila mtu, Chrome, Firefox, Edge na wengine wote walilazimika kutoa marekebisho ya haraka. Picha iliyotengenezwa kwa ubaya ingetosha kumpa mshambuliaji njia, na kasoro hiyo ilikuwa tayari inatumiwa. Hapo ndipo ninapowalaumu kweli watengenezaji: wamefunga kwenye kifurushi kimoja dawa tunayoihitaji na mapambo tusiyoyaomba, halafu mtu akikataa mapambo wanashangaa kwa nini hana dawa.

Baada ya hasira kupoa nilikaa nikaorodhesha kila kilichokuwa kinanisumbua, na orodha ilinishangaza. Karibu vyote vilikuwa vitu vya macho. Kitufe, rangi, picha ndogo. Vinakera, vinakula muda, lakini haviendi popote. Ile safu ya vitu vinavyotoa taarifa nje ya kompyuta sikuwa nimeigusa, kwa sababu havionekani na kwa hiyo havikeri. Nikageuza utaratibu: kwa kila kipengele kipya, swali la kwanza si kama kinanikera bali ni kipi kinatoka, kinakwenda kwa nani.

Mfano mzuri ni ukaguzi wa tahajia. Ukiwa wa kawaida, kamusi iko kwenye kompyuta yako. Lakini Chrome ina ukaguzi wa tahajia ulioboreshwa, unaowashwa kwa hiari, ambao hupeleka unachoandika kwenye seva za Google. Mwaka 2022 watafiti wa usalama walionyesha kwamba huo, pamoja na Microsoft Editor, programu ya Microsoft ya kusahihisha maandishi, uliweza kupeleka hata nywila, pale mtumiaji anapobofya kitufe cha kuonyesha nywila aliyoandika. Hakuna kilichoibuka kwenye skrini. Hakuna mstari uliofunikwa. Mtu angeweza kukaa nao miaka akiusifu kwa kumsahihishia herufi.

Kijisanduku changu cha nyota nacho, nilipoyasoma masharti yake, kilikuwa kinapeleka maneno niliyochagua kwa seva endapo ningebofya moja ya yale maneno matatu. Ninahariri maandishi ya watu ambayo hayajachapishwa. Kidole kikiteleza, rasimu ya mtu imekwenda kwa kampuni asiyoijua. Sababu hiyo ilitosha kukizima, na ni sababu nzito kuliko ya mstari kufunikwa, ingawa ya mstari ndiyo iliyonitoa povu.

Kwa kipimo hichohicho nimejikuta natetea vitu nilivyovilaani mwanzo. Tafsiri ya kurasa, kwa mfano. Sikuitaka, nilikasirishwa na upau wake unaoshuka. Lakini Firefox, tangu toleo la 118 la mwaka 2023, hutafsiri ndani ya kompyuta yenyewe. Inapakua faili za lugha, na maandishi hayatoki. Hiyo naiacha iwepo. Na tukumbuke hata vichupo vyenyewe vilikuwa kitu kipya siku moja. Internet Explorer ilivipata mwaka 2006 tu, toleo la 7, na sidhani kama kuna anayetaka kurudi kwenye madirisha kumi yaliyotapakaa.

Eneo la pili la kuangalia ni kuingia kwa akaunti na usawazishaji. Baada ya lile sasisho, kivinjari changu kilifungua ukurasa wa kukaribisha wenye kitufe kikubwa cha bluu kilichoandikwa Endelea, na chini yake maandishi ya kijivu, madogo: Si sasa. “Hapana” haikuwepo. Si sasa maana yake utaulizwa tena, na kweli nikaulizwa tena. Kuendelea kulimaanisha kusawazisha historia, nywila na njia za malipo kwenye seva zao. Usibofye kitufe cha rangi kwa sababu tu una haraka ya kufika kwenye kazi. Kwenye madirisha hayo rangi imewekwa kwa watu wenye haraka. Ukishabofya, nenda kwenye mipangilio ya usawazishaji uondoe kimojakimoja, kisha uangalie pia kama data iliyokwisha kupelekwa inafutika kwenye akaunti. Kuzima usawazishaji peke yake mara nyingi hakufuti kilichokwisha kwenda.

Nilifikiria kuhama, nikahama kwa kazi za nyumbani, kazini nikabaki. Nieleze gharama yake, maana watu husema “hama tu” kama vile ni kubadilisha shati. Alamisho ni rahisi, zinatoka kama faili la HTML na kuingia popote. Nywila zinatoka kama faili la CSV, na faili hilo ni maandishi matupu: yeyote atakayelifungua anasoma kila nywila uliyonayo. Likishaingizwa upande wa pili, lifute, umwage na pipa la taka, na uhakikishe folda uliyolihifadhia hainakiliwi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Halafu kila tovuti inakuona mgeni. Inataka uingie upya, inatuma namba za uthibitisho kwenye simu, nyingine zinakufungia kwa kushuku. Usianze Ijumaa jioni, wala siku yenye kazi ya kukabidhi.

Angalia pia unahamia wapi hasa. Edge, Opera, Brave na Vivaldi vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Kuhama kati yao kunakupa sura nyingine na sera nyingine, na tofauti hizo zina maana, lakini mabadiliko makubwa ya msingi huwafikia wote. Firefox ina injini yake, Safari yake. Na hakuna aliye mtakatifu. Desemba 2017 Firefox iliwawekea watumiaji kiendelezi cha kutangaza tamthilia ya televisheni kupitia mfumo wake wa majaribio. Watu wakadhani wameingiliwa na wadukuzi, Mozilla, wenye Firefox, wakakiondoa na kuomba radhi. Pocket, huduma ya kuhifadhi makala ya kusoma baadaye, iliingizwa kwenye Firefox mwaka 2015 huku wengi wakilalamika. Mozilla ikainunua 2017, kisha ikaifunga Julai 2025. Walioumia mwisho hawakuwa wale walioizima siku ya kwanza. Ni wale walioizoea. Kipengele kipya ukikipenda, hakikisha unajua namna ya kutoa vitu vyako humo kabla hujaweka vingi.

Ukijiuliza kwa nini kila mtu anasukuma vitu hivi, tazama fedha. Katika kesi ya ushindani nchini Marekani ilifichuliwa kwamba Google ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 ili injini yake ya kutafutia iwe chaguo la awali kwenye vivinjari na simu. Kiasi hicho kinatolewa kwa sababu inajulikana kwamba watu wengi hawagusi kilichowekwa tangu mwanzo. Mapato mengi ya Mozilla yenyewe yanatoka kwenye mkataba wa namna hiyo. Kwa hiyo kipengele kinachokuja kikiwa kimewashwa hakijawashwa kwa kusahau.

Kwa wanaotaka utulivu zaidi bila kuacha usalama, ipo njia ambayo haitajwi sana: Firefox ESR, toleo lenye usaidizi wa muda mrefu lililokusudiwa taasisi lakini mtu yeyote anaweza kulipakua. Marekebisho ya usalama yanakuja kama kawaida, vipengele vipya vinakuja kwa mkupuo mara moja kwa mwaka hivi. Bado vinakuja, ila unachagua wiki ya kugombana navyo. Vivinjari vingi pia vinakubali sera zinazowekwa na msimamizi wa kompyuta, na kipengele kilichozimwa kwa sera hakifufuki kirahisi kama cha swichi za majaribio. Ukitumia sera kwenye kompyuta yako mwenyewe, usishtuke kivinjari kikianza kukwambia kinasimamiwa na shirika lako. Shirika ni wewe. Lakini ukiona ujumbe huo na hukuweka sera yoyote, chunguza, kwa sababu programu hasidi nazo hutumia mlango huo.

Jambo la mwisho nililolifanya ndilo nililolidharau zaidi: kuandika malalamiko. Niliona ni kupiga kelele kisimani. Lakini kumbukumbu zipo. Septemba 2018 Chrome 69 ilianza kumwingiza mtu kwenye kivinjari kwa akaunti yake, bila kumuuliza, kila anapoingia kwenye huduma yoyote ya Google. Wataalamu na watumiaji wakapiga kelele, na toleo la 70 likaja na swichi ya kuzuia hilo. Malalamiko yanayosomwa si yale ya “rudisheni ya zamani”. Yangu ya kwanza yalikuwa ya aina hiyo, yenye alama za mshangao, na sikujibiwa. Ya pili niliandika toleo, mfumo wa kompyuta, hatua za kurudia tatizo, na picha ya skrini inayoonyesha mstari uliofunikwa, nikaeleza kwamba kubofya pembeni kunaachilia maneno yaliyochaguliwa. Mtu akajibu akiuliza swali moja la kiufundi. Toleo lililofuata baadaye, kijisanduku kilikuwa kinashuka chini ya maneno badala ya kukaa juu yake, na kitufe cha Esc kinakiondoa bila kugusa uteuzi. Siwezi kudai ni kwa ajili yangu. Kwangu bado kimezimwa, kwa sababu ile ya rasimu za watu.